Nilikwenda Mgori na mashine, nikarudi na mausi

MSOMAJI wangu, vuta kiti, maana wiki hii sikupeleki Coco Beach wala kwenye kiwanja kipya cha Sinza. Nakupeleka Mgori. Najua umeshakunja uso. Mgori? Iko wapi hiyo? Tulia, tutafika.

Sisi watoto wa mjini tukisikia Singida tunajua vitu viwili tu, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Basi likisimama tunanunua, tunarudi kwenye siti, safari ya Mwanza inaendelea. Hata mimi ambaye mama yangu mzazi ni Mnyaturu wa huko huko, nilikuwa hivyo hivyo. Mara ya mwisho kufika kwa bibi nilikuwa darasa la tano, na ninachokumbuka ni kwamba nililia kwa sababu hakukuwa na TV.

Safari yenyewe ilianza na simu ya mama. Pale kwa bibi, enzi hizo, kulikuwa na akina mama watano waliosifika kwa kuimba wakitwanga, na harusi ikitokea jirani lazima waitwe wao. Sasa wamebaki watatu. Wawili wamefariki ndani ya mwaka mmoja, mmoja wakati wa kulima, mwingine wakati wa kuvuna. Mama akaniambia: "Wewe si unajiita prodyuza? Unarekodi watoto wa watu wanatukanana huko mjini, bibi yako unamwacha aondoke na nyimbo zake?"

Sikuwa na jibu. Na nikuambie ukweli, sikuwa na kazi pia. Studio moja niliyokuwa najishikiza, bosi alishaniambia nipumzike kidogo, na wewe unajua "pumzika kidogo" ya bosi maana yake nini. Nimekua nikitaka kuwa P-Funk Majani, nimefika miaka ishirini na sita sina hata spika zangu. Nilichobaki nacho ni laptopu, maiki nne na kadi ya sauti ya matundu manne, hizo nimeazima kwa mshikaji, na kitu kimoja nilichokinunua kwa jasho langu mwenyewe: kontrola.

Hapa kwenye kontrola naomba unisikilize vizuri, maana stori yote iko hapa. Ukiingia studio za siku hizi utakuta kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna programu ya kurekodia. Wapo wa Cubase, wapo wa FL Studio, wapo wa Pro Tools. Mimi natumia REAPER, ambayo mtengenezaji wake Justin Frankel ndiye yule yule aliyetengeneza Winamp, kaka zetu wanaikumbuka. Kwenye kioo unaona miksa imechorwa, feda zimejipanga kama meno. Lakini ni PICHA. Ukitaka kupandisha sauti unaishika kwa mausi, moja kwanza, halafu nyingine, kama mtu anayekula ugali kwa kijiti cha meno. Kontrola ni kijisanduku chenye feda za kweli za kushika. Unachomeka waya wa USB, unaiambia programu feda ya kwanza iongoze sauti ya kwanza, ya pili iongoze ya pili, kwisha kazi. Unasukuma kwa kidole, na ile picha kwenye kioo inapanda yenyewe. Ya kwangu ni Korg nanoKONTROL2, urefu wake kama rula ya shule, ina feda 8, vifundo 8 vya kuzungusha, na vitufe vya kucheza, kusimamisha na kurekodi. Niliipata mtumba Kariakoo kwa elfu themanini. Nikala mihogo wiki mbili.

Haya, safari. Kutoka Dar mpaka Dodoma nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kama saa nne hivi uko makao makuu, shati halijapata hata mkunjo. Kutoka hapo basi: Bahi, Kintinku, mnapanda ukingo wa Bonde la Ufa, Manyoni, Ikungi, hao Singida mjini. Mji una mawe makubwa kama yamemwagwa na mtu aliyekasirika, maziwa mawili, Singida na Kindai, na UPEPO. Upepo wa Singida hauna adabu. Ukishuka stendi unakusalimia kwa kukuvua kofia.

Mgori iko upande wa mashariki wa mji. Nilipanda Noah ya watu saba, tulikuwa kumi na wawili na jogoo mmoja, begi la mashine nimelipakata kama mtoto mchanga. Barabara ya vumbi, mashamba ya alizeti na uwele huku na huku, mbuyu mmoja mmoja, halafu kwa mbali unaanza kuona msitu. Na huo msitu usiuchukulie poa. Ni miombo ya karibu hekta 40,000, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilikabidhiwa kuulinda vyenyewe wakati sehemu kubwa ya nchi misitu ilikuwa ya bwana misitu peke yake. Msitu wa Mgori na ule wa Duru-Haitemba kule Babati ndiyo ilikuwa mifano ya mwanzo mwanzo Tanzania. Mzee niliyebanana naye kwenye Noah alinieleza kwa majivuno jinsi walivyokuwa wanalala porini kwa zamu kuvizia wakata magogo. Asali yake pia tamu kupita kiasi. Hiyo asali, na hasa nta yake, itarudi mbele ya stori, iweke akilini.

Bibi nilimkuta amekaa mkekani anapembua mtama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda? Huko Dar mnakula nini?"

Mjomba alikuwa amekaa kivulini, redio imefungwa kwa mpira kifuani. Mjomba wangu huyu, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio. Siyo fundi wa kubabaisha. Kibanda chake gulioni kilikuwa na foleni, watu wanaleta redio kaseti, amplifaya, deki za harusi. Halafu mambo mawili yakamjia kwa pamoja. Presha ya macho ikamla macho yote mawili taratibu, na alipokwenda hospitali akaambiwa amechelewa. Na wakati huo huo watu wakaacha redio, wakahamia simu za kupangusa. Aliniambia jambo ambalo mpaka leo linanikaa kichwani: "Mjomba, redio nilikuwa naiona kwa vidole hata kabla sijapofuka. Ila hizi simu zenu ni kipande cha kioo. Nikipapasa hakuna kitu. Hakuna mlango."

Akauliza nimekuja na mashine gani. Nikamwambia laptopu. "Ahaa," akasema, akageuza uso kwenye redio yake. Kontrola wala sikuitaja, niliona haimhusu.

Studio tulifunga kwenye tembe la zamani la bibi, siku hizi anawekea magunia. Nyumba ya familia ina bati, na bati kwa kurekodi ni balaa, upepo ukipita linaimba kuliko bibi. Tembe lina kuta nene za udongo, juu udongo, chini udongo, na magunia ya alizeti mpaka darini. Nilipiga kofi moja ndani, sauti ikafa hapo hapo. Msomaji, kuna watu Dar wananunua sponji kwa mamilioni wakitafuta ukimya wa namna ile! Umeme tulitumia wa sola ya mjomba, laptopu inakula betri kama inalipwa, ila kontrola yenyewe inajichukulia umeme kidogo kupitia waya wa USB, haina shida na mtu.

Kijana mmoja wa jirani, anayeshika mitambo kwenye kwaya yao, alijitolea kunisaidia. Akachukua waya wa maiki, akaigeuza kontrola juu chini, akatafuta tundu la kuchomeka. Akatafuta weee. "Kaka, hii miksa yako wameiziba?"

Nikacheka, lakini kosa lake ni la watu wengi. Kontrola haipitishi sauti, hata tone. Maiki zinaingia kwenye kadi ya sauti, sauti inaingia kompyuta, kontrola imekaa pembeni kama nyapara anayeelekeza tu. Kinachotoka ndani yake ni namba. Feda ikiwa chini kabisa inatuma 0, ikiwa juu kabisa inatuma 127, basi. Lugha hiyo ya namba inaitwa midi, ilitoka mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana, na mpaka leo ndiyo inayotumika.

Kurekodi kulichukua siku tatu. Mpango wangu ulikuwa kila bibi aimbe peke yake, sauti safi, kama tunavyofanya mjini. Bibi jirani aliniangalia kama nimemtukana. "Niimbe peke yangu, mimi kichaa?" Basi wakaimba pamoja, bibi yangu, bibi jirani na bibi mdogo, binamu yangu anatwanga uwele katikati. Maiki tatu kwa bibi watatu, ya nne kwenye kinu. Shida ya hapo ni kwamba maiki hazijui mipaka. Ya bibi inamsikia na jirani, na zote zinasikia kinu. Ukimpandisha mmoja unapandisha na wenzake kidogo. Wimbo wa pili una jogoo. Nilirudia mara nne, jogoo naye akarudia mara nne, nikamwacha.

Usiku wa siku ya tatu nikajifungia na hedifoni nikamiksi. Na kwa vile nilikuwa na haraka, kontrola niliiacha kwenye begi, nikatumia mausi. Nikatazama kioo. Milima ya kinu kwenye kioo ilikuwa mirefu inagusa wekundu, nikaishusha. Pumzi za bibi nikazikata. Mapigo yaliyopishana nikayanyoosha yakae kwenye mistari. Halafu, naona aibu kusema, nikaweka BITI chini yake. Saa nane usiku nikajiona mimi ndiye mimi.

Asubuhi nikawapigia kwenye spika. Bibi akasema "nzuri", ile nzuri ya kumwambia mgeni aliyepika akaunguza. Bibi jirani akauliza kama gari limepita. Lilikuwa besi langu.

Mjomba alinyamaza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Mchi uko wapi?"

Nikamwambia upo, nimeupunguza kidogo kwa sababu ulikuwa unazidi.

"Unazidi nani? Mchi ndiyo unaoimba. Hao wanaujibu. Dada yangu marehemu alikuwa anavuta pumzi kabla mchi haujashuka, hapo ndipo wenzake wanajua mstari umebadilika. Wewe umetoa pumzi, umetoa mchi. Sasa mama na wenzake wanajibu nini?"

Sikubisha. Nilitaka tu kumwonyesha kwamba inawezekana kurudisha, nikavuta mausi, mchi ukapanda. "Zaidi," akasema. Nikapandisha. "Hapana, siyo muda wote. Hapo wanapoingia shusha. Sasa pandisha. Umechelewa. Shusha." Tulienda hivyo nusu saa, yeye anasema, mimi nakimbizana na mshale kwenye kioo, na kila nikifika kwenye feda ya mchi sauti ya bibi imeshapita. Jasho. Ndipo mjomba akauliza, kwa upole kabisa: "Hicho kitu hakina hata kifundo?"

Nikakumbuka begi.

Nilimwekea kontrola mapajani. Akapitisha vidole kutoka kulia kwenda kushoto, akarudi. "Nane. Ni za kusukuma, kama ikwalaiza ya deki." Hakuuliza kingine. Nikaiunganisha: ya kwanza bibi, ya pili bibi jirani, ya tatu bibi mdogo, ya nne mchi. Alivyosukuma ya nne na kusikia mchi ukimjia, aliacha mdomo wazi kidogo, halafu akaufunga haraka kama mtu aliyeonekana akifanya kitu cha aibu. Akaagiza nta. Binamu akaleta bonge la nta ya nyuki kutoka chumba cha asali, mjomba akafinyanga tone kubwa juu ya feda ya mchi na tone dogo juu ya ya bibi, ili vidole visipotee. Msomaji, nimeona studio zenye stika za rangi, taa na mbwembwe, lakini alama ya nta ya Mgori sijaiona popote.

Programu ina uwezo wa kukumbuka mwendo wa feda. Unaiwasha kwenye hali ya kuandika, wimbo unacheza, mtu anasukuma, na kila alichosukuma kinabaki. Mjomba aliucheza wimbo wa kwanza mara sita, vidole vinne juu ya feda nne, mchi unapanda, bibi anakuja mbele, mchi unarudi nyuma kidogo kumpisha. Mimi kwa mausi nisingeweza hata kwa wiki nzima, maana mausi ina kidole kimoja.

Nilimwambia kwamba hivi ndivyo walivyofanya zamani Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kama Vijana Jazz au Mlimani Park ikiingia studio inapiga yote kwa pamoja, tepu inazunguka, na fundi mitambo ana mikono yake tu. Solo linakuja, pandisha, limekwisha, shusha. Mjomba akatikisa kichwa. Alikuwa anawasikiliza hao mafundi kwenye redio za wateja kila siku. "Nilikuwa najua zamu ya nani," akasema.

Usidhani kila kitu kilikwenda kama mlenda, lakini. Wimbo wa pili ulipoanza, mjomba aligusa feda kidogo tu na sauti ya bibi ikaruka kama imechomwa sindano. "Mkono wangu uko huku, sauti iko kule," akalalamika. Kosa si lake. Feda za kontrola ya bei nafuu hazina mota. Ukibadilisha wimbo, kompyuta inakumbuka sauti ilikuwa wapi, feda ya mkononi imebaki ilipoachwa, ukiigusa tu vinagongana. Zile za wenye pesa, kama X-Touch ya Behringer, kila feda ina mota ndogo, ukibadilisha zinakwenda zenyewe kwenye nafasi zake, ukiziona usiku peke yako unaweza kukimbia. Kwa sisi wa mtumba dawa ni kuiseti programu isitii feda mpaka ifike pale ilipo sauti, ndipo inaidaka. Mjomba alijifunza kuitafuta: anasukuma polepole, polepole, akisikia imeshika anasema "imeingia gia".

La pili lilikuwa feda ya tatu. Bibi mdogo alikuwa anapotea na kurudi bila kuguswa na mtu. Mimi nikalaumu programu, nikalaumu waya, nikazima nikawasha. Mjomba akaweka kidole juu ya feda bila kuisukuma, akasikiliza. "Kaboni imechafuka," akasema. "Kwenye redio ungesikia inakwaruza. Hapa haikwaruzi kwa sababu umesema hapapiti sauti, eti? Zinapita namba. Basi namba ndizo zinazokwaruza."

Nikabaki namtazama. Ni KWELI. Chini ya feda ile kuna njia ya kaboni kama ya kifundo cha sauti cha redio yoyote, na vumbi likikaa pale mashine haijui feda iko wapi, inatuma namba za kubahatisha.

"Lete bisibisi ndogo."

Hapa nikuombe radhi msomaji, nilikataa. Ile ndiyo mashine yangu pekee. Ikifa Mgori, narudi Dar na nini? Nikasema labda tuiache hiyo ya tatu, tumhamishie bibi mdogo kwenye feda ya tano, zipo nyingi. Mjomba hakunijibu. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja. Bibi ndiye aliyesema, bila hata kuinua uso kwenye ungo wake: "Mtu hajaguswa na kazi miaka sita, mnamnyima na hiyo?"

Nikaleta bisibisi. Akatandika khanga ya bibi, akafungua skrubu moja moja, kila moja akaipanga kwenye khanga kwa mpangilio wa ilipotoka. Tukatuma mtoto duka la dawa, spiriti na pamba. Akasafisha kwa kijiti kilichozungushiwa pamba, akasukuma feda juu chini mara nyingi, akapuliza, akafunga. Dakika arobaini, na mimi nimekaa kama mtu anayesubiri majibu ya kidato cha nne. Tukachomeka. Bibi mdogo akarudi, akatulia.

Tukamaliza nyimbo saba. Mpaka hapo ungetaka nikuambie kila mtu alifurahi. Wapi! Tulipowapigia, bibi jirani alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka nusu, akasimama. "Huyu amempendelea mama yake! Mimi niko wapi? Niko jikoni?" Bibi mdogo naye akaunga mkono. Na kwa kweli walikuwa na haki, mjomba alikuwa amemsukuma mama yake mbele kila mahali, ile feda yenye tone dogo la nta ilikuwa haishuki. Mjomba akacheka mpaka machozi, akakaa tena na kontrola, safari hii bibi jirani amekaa pembeni yake kama askari, akisikia hajitoshelezi anamgonga goti. Wimbo wa nne mpaka leo hawajakubaliana. Upo wa aina mbili, kila mmoja na wa kwake.

Biti langu nililifuta. Hakuna aliyeniuliza limekwenda wapi.

Nyimbo niliwawekea kwenye memori kadi, na jioni ile redio ya mjomba ilizunguka nyumba kwa nyumba. Kuna wimbo mmoja una sehemu ambayo zamani ilikuwa ya marehemu, mama mkubwa wangu, yule wa pumzi. Siku ile ya kurekodi wale bibi hawakuijaza, walipofika hapo wakaacha mchi upige peke yake mara nne, halafu wakaendelea. Mimi nilidhani wamesahau. Mjomba kwenye miksi yake hakuugusa kabisa mchi hapo, aliacha vidole hewani. Mama nilipomtumia Dar alinipigia simu, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi ya kuondoka nilifungasha maiki, kadi ya sauti na laptopu. Kontrola ilikuwa mapajani kwa mjomba, haijachomekwa popote, anasukuma feda juu chini, taratibu, na midomo inacheza. Bila kompyuta kile ni kipande cha plastiki, na yeye anajua. Akanyoosha mkono anikabidhi. Nikamwambia akae nayo. Akakataa. Nikamwambia ni mkopo. Akaikunja kwenye kitambaa akaiweka ndani ya sanduku lake la vyuma vya redio. Ndani ya Noah nikaanza kupiga hesabu ya elfu themanini nyingine, nikaacha.

Nilipofika Dar nikaanza kuuliza uliza, na nikagundua nilikuwa mshamba wa kazi yangu mwenyewe. Kuna programu ya bure inaitwa NVDA, iliyoanzishwa na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, inamsomea mtu kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Unaweza kuiwekea mpaka sauti ya Kiswahili, japo inaongea kama roboti aliyesomea Ulaya. Na kuna nyongeza ya REAPER inaitwa OSARA, huyo huyo Teh ni mmoja wa waliyoiunda, ambayo inafanya ile REAPER yangu itumike na mtu asiyeona, kwa vitufe vya kibodi tu, mausi usiiguse. Watu wasioona duniani wanarekodi kwayo. Changanya na kontrola, mjomba anahitaji kompyuta yake mwenyewe, basi.

Kila Jumapili ananipigia. Haulizi moja kwa moja, anaanza na mvua, anakwenda kwa kuku, halafu: "Na ile shughuli yetu?" Kumbe kijana wa kwaya ameshamwambia wana nyimbo kumi na mbili, na Pohama kuna kikundi cha ngoma kimesikia habari.

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo, kwenye kibanda kimoja cha laptopu za mtumba. Nikapekua mpaka chini kabisa ya rundo nikatoa moja, mashine nzuri, memori ya kutosha, kioo kimepasuka kona hadi kona, ukiwasha ni giza tupu. Kwenye kibodi nusu ya herufi zimefutika. Nikauliza bei. Yule jamaa akanionea huruma.

"Bro, hiyo ni ya spea. Kioo hakionyeshi kitu kabisa."

Nikamwambia najua, ndiyo maana nataka anipunguzie. Nitaichomeka kwenye TV ya jirani niweke programu, halafu naikatia tiketi.

"Sasa huyo atakayeitumia ataona nini?"

Nikatoa hela nikaanza kuhesabu.